Ngata, Ndoo na Mguu Bandia: Nani Anaujua Mwendo wa Binadamu?

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa, naomba nianze na ngata. Sote tunaijua: kipande cha kanga kilichosokotwa kikawa duara, kikawekwa utosini ili ndoo ipate pa kukaa. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mwanafiziolojia (mtaalamu wa utendaji kazi wa mwili) Mkenya, Maloiy, na wenzake, waliopima oksijeni inayotumiwa na wanawake wa Kenya wanapotembea na mizigo: Waluo waliojitwika kichwani, na Wakikuyu waliobeba kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Walikuta kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mbebaji haukumwongezea gharama yoyote ya nishati, na kwamba kuanzia hapo gharama ilipanda kwa kadiri mzigo ulivyozidi, hata mzigo wa asilimia 30 ukaongeza asilimia 10 tu.

Fiziolojia ilikuwa imepima pumzi, lakini pumzi haisemi ni kwa vipi. Jibu lilikuja mwaka 1995, baada ya watu wa mekanika, yaani elimu ya nguvu na mwendo, kuwatembeza wabebaji juu ya mabamba yanayopima nguvu ya unyayo. Tunapotembea, mwili huinuka kidogo unapopita juu ya mguu uliokanyaga, kisha hushuka mbele, na sehemu ya nguvu ya kule kushuka hutumika tena katika kuinuka kunakofuata, mfano wa bembea. Wanawake wale, walipobebeshwa mzigo, waliiokoa nguvu hiyo vizuri zaidi kuliko walipotembea mikono mitupu.

Ilikuwa habari tamu, na nakiri kwamba nimeisimulia darasani kwa majivuno. Hata hivyo, mama mwenye kilo 60 hufika kwenye ule mpaka wa asilimia 20 akiwa na kilo 12, ilhali ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kabla hujaipima ndoo yenyewe. Tena mwaka 2010 watafiti waliofanya kazi na wanawake wa Afrika Kusini hawakuiona nafuu hiyo kwa wote, maana tofauti kati ya mtu na mtu zilikuwa kubwa, na walipowauliza wabebaji habari za miili yao walisikia sana juu ya shingo. Hakuna bamba la sakafuni linalopima shingo inayouma usiku.

Mfano wa pili ni wa Marekani, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako baada ya Vita Kuu ya Pili daktari wa upasuaji wa mifupa, Verne Inman, alishirikiana na mhandisi Howard Eberhart kuchunguza mwendo kwa ajili ya kutengeneza miguu bandia iliyo bora. Eberhart mwenyewe alikuwa amepoteza mguu. Makala juu ya mwendo waliyoandika na mwenzao Saunders mwaka 1953 ilifundishwa kwa miongo mingi, ingawa vipimo vya baadaye vimetia shaka baadhi ya hoja zake. Linalonivutia mimi ni kwamba mle maabara mgonjwa na mtafiti walikuwa mtu mmoja.

Kwetu sisi wa huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujimudu, nafasi hiyo ya mgonjwa mara nyingi huwa tupu. Nilipata kumhudumia mama aliyekatwa mguu juu ya goti. Fundi alimtengenezea mguu uliomkaa barabara, nami nikamfundisha kutembea kati ya vyuma viwili sambamba mpaka akaviacha, tukampigia makofi. Baada ya mwezi alirudi akitembelea magongo, mguu ukiwa umeviringishwa kwenye kanga. Hakuwa na kidonda wala kisiki, ile sehemu ya mguu iliyobaki, hakikuvimba. Choo cha kwao ni cha kuchuchumaa, jiko ni la mafiga, na goti lile lilikunjika vizuri kwa mtu wa kukaa kitini tu. Daktari, fundi na mimi tulikuwa tumemwandikia kila mmoja faili lake, na hakuna hata faili moja lililotaja choo.

Safari hii fundi alichukua chaki, akachora tundu la choo kwenye sakafu ya karakana, akamwomba mama amwonyeshe anavyoshuka.