Ramani ya Pambano Mtandaoni: Kutoka Picha Tupu Hadi Mlango wa Kwanza

Karibuni sana. Leo tunaandaa ramani moja, mwanzo hadi mwisho, kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wahusika unaochezwa mtandaoni. Ramani yenyewe ndiyo hii mnayoiona kwenye skrini: handaki lenye vyumba vitano, korido ndefu katikati, na pango upande wa kulia. Nimeichagua kwa makusudi, kwa sababu ina karibu kila kitu kinachowasumbua watu: milango, nguzo, dirisha moja na kuta zilizopinda. Ukiiweza hii, nyingine hazitakushinda.

Kabla sijagusa kitu, naomba tukubaliane jambo moja. Wengi wakifungua programu hizi huanza kuhangaika na urembo: majani, damu sakafuni, moshi unaocheza. Mimi nasema kazi kubwa ya ramani ya mtandaoni ni kuficha. Mnapocheza kwa karatasi, mwongoza mchezo huchora chumba pale wachezaji wanapoingia. Kabla ya hapo hakuna cha kuchungulia. Huku mtandaoni picha nzima imeshawekwa, na usipoiziba, siri zako zote ziko hadharani. Kwa hiyo kila hatua ya leo ina lengo hilo moja: mchezaji aone kile tu ambacho mhusika wake angekiona akiwa amesimama pale, mwenge mkononi.

Kuhusu programu, sitakaa sana. Kama unataka kuanza leo hii bila kusumbuka, Owlbear Rodeo inafunguka kwenye kivinjari; unaweka picha, unafunika kwa ukungu, yaani kifuniko kinachoficha sehemu ambazo wachezaji hawajaziona, mnacheza. Roll20 ipo tangu 2012, nayo ni ya kivinjari, na ina watumiaji wengi, kwa hiyo ni rahisi kupata kundi ambalo tayari linaijua. Foundry ilitoka 2020: unalipia leseni mara moja, unaiendesha kwenye kompyuta yako mwenyewe, na wachezaji wako wanaingia kwa kivinjari bila kununua chochote. Ugumu wake ni kwamba unapaswa kufungua njia kwenye ruta yako, kwa kawaida mlango wa mtandao (port) namba 30000, ili walio nje wakufikie. Mimi leo natumia Foundry kwa sababu kuta na mwanga wake naupenda, lakini utaratibu ni uleule kokote utakakokuwa.

Haya, tuanze na picha. Usiipakie bado. Ifungue kwanza kwenye programu yoyote ya picha uangalie vipimo vyake. Yangu ina upana wa pikseli 4200 na kimo cha 2800. Sasa hesabu miraba iliyochorwa kwenye ramani. Ihesabu kweli, kidole kwenye skrini, usikisie. Kwenda upande nimepata 30, kushuka chini 20. Gawanya: 4200 kwa 30 ni 140. 2800 kwa 20 ni 140. Namba zimelingana na hazina desimali, maana yake picha ni safi. Andika hiyo 140 pembeni.

Je, ukipata kitu kama 140.43? Hapo ujue picha ina ukingo mweupe au fremu ambayo si sehemu ya miraba. Usijidanganye kwamba hiyo 0.43 ni ndogo. Tazama hapa nikikuonyesha: nimechora gridi, yaani mistari ya miraba, ya 140.43 juu ya picha yenye ukingo upande wa kulia. Kona ya juu kushoto mistari imelala vizuri, huoni tofauti. Tusogee kulia taratibu. Mraba wa kumi, mstari wangu umeanza kuachana na ule wa picha. Mraba wa ishirini, sasa inaonekana mistari miwili miwili. Mraba wa thelathini, tumeshapotea pikseli 13, na kete, yaani alama ya mhusika kwenye ramani, imeingia ukutani karibu sehemu moja ya kumi. Mchezaji wako atauliza, “Nipo ndani au nje?” na hutakuwa na jibu. Dawa yake ni kurudi kwenye programu ya picha, kukata ule ukingo, na kugawanya upya.

Jambo moja kuhusu uzito wa picha, maana hapa watu wanakosea sana. Faili kuwa dogo kwenye diski hakumaanishi kuwa ni jepesi kwenye kompyuta ya mchezaji. Ikishafunguliwa, kila pikseli inachukua baiti nne kwenye kumbukumbu. Hii yangu, 4200 mara 2800, ni pikseli milioni 11 na zaidi. Zidisha kwa nne, ni kama megabaiti 47, hata kama faili lenyewe ni la megabaiti tatu. Hiyo inabebeka. Lakini ukileta picha ya 10,000 kwa 10,000, umemtwika mwenzako megabaiti 400 kwa ramani moja, na kama anatumia kompyuta ya zamani, itakwama. WebP, aina ya faili la picha lililobanwa, itasaidia kufupisha muda wa kupakua, na naipendekeza, ila ule uzito wa ndani unapunguzwa na kitu kimoja tu: kupunguza pikseli. Pikseli 100 kwa mraba zinatosha kabisa kwa macho ya kawaida. Hata ramani hii ningeweza kuishusha iwe 3000 kwa 2000 na hakuna ambaye angelalamika.

Sasa tunaipakia. Kwenye orodha ya mandhari (kila ramani ni mandhari moja), upande wa kulia, natengeneza mandhari mpya. Jina. Hapa simameni kidogo: jina la mandhari linaweza kuonekana na wachezaji juu ya skrini yao. Usiandike “Shambulio la Mazimwi”. Kuna nafasi ya pili ya jina, lile la wachezaji. Mimi nimeandika “Chini ya kilima”, basi. Nachagua picha, naingia sehemu ya gridi, ukubwa naandika 140, na umbali wa kila mraba futi 5, ambacho ndicho kipimo cha mchezo wa Dungeons & Dragons. Kama mfumo wenu unatumia mita, andika mita. Nahifadhi.

Wa Roll20, nyinyi mnaweka ukubwa wa ukurasa uwe miraba 30 kwa 20, mnaburuta picha ndani yake kwenye tabaka la ramani, kisha mnaivuta hadi ijae ukurasa. Mraba wa huko kwa kawaida ni pikseli 70, lakini msiijali hiyo namba, programu yenyewe itaikunja picha. Ikigoma kukaa sawa, bofya picha kwa kitufe cha kulia, tafuta chaguo la kulinganisha na gridi, uchore kisanduku juu ya miraba tisa, mitatu kwa mitatu, nayo itapiga hesabu.

Tumefika kwenye kuta, na hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu.

Nachagua zana ya kuta kushoto. Nashikilia Ctrl, nabofya kona ya kwanza, nabofya ya pili, ya tatu, mstari unaendelea kama uzi. Swali la kwanza ambalo kila mtu huniuliza: mstari uupitishe wapi? Ukiupitisha ukingo wa ndani, pale sakafu inapoishia, mchezaji ataona sakafu halafu giza tupu. Mawe ya ukuta hayaonekani kabisa, na chumba kinaonekana kama kinaelea. Ukiupitisha ukingo wa nje, ataona unene wote wa ukuta, na pengine kidogo cha chumba jirani. Mimi naupitisha katikati ya ukuta uliochorwa. Anaona mawe, anajua ni ukuta, na upande wa pili unabaki siri.

Kwenye pango, zuia mkono wako. Najua inavutia kufuata kila kona ya mwamba. Usifanye hivyo. Kila kipande cha ukuta programu inakipigia hesabu kila kete inaposogea, na vipande sitini vidogo vitaisumbua kompyuta ya mtu bila faida yoyote. Tazama: bofya, bofya, bofya, kumi na moja, nimemaliza pango zima. Mstari unakata mwamba hapa na pale, na hakuna atakayejua.

Nguzo zina ukuta wa aina yake. Ukizizungushia ukuta wa kawaida, mchezaji ataona duara jeusi badala ya nguzo. Chagua aina ile ya vizuizi vya ardhini: jicho linapita mstari wa kwanza, linazuiwa na wa pili. Yaani nguzo yenyewe unaiona, ila aliyejificha nyuma yake humwoni. Dirisha ni kinyume: linazuia mwili kupita, halizuii macho.

Milango sasa. Naomba mnisikilize hapa kuliko mahali pengine popote.

Mlango ni kipande cha ukuta kilichopewa aina ya mlango. Ncha zake mbili lazima ziguse ncha za kuta zilizo pembeni. Ziguse, si zikaribiane. Siku moja nilikuwa naendesha kikao ambacho nilikiandaa kwa majuma kadhaa. Nyuma ya mlango wa mwisho alikuwa amesimama mtu ambaye wachezaji waliamini amekufa. Walipofika korido, kabla hawajagusa mlango, mmoja akasema, “Mbona naona kete ya mtu mle ndani?” Jina lilikuwa limeandikwa chini ya kete. Niliacha pengo dogo kati ya mlango na ukuta, na jicho lake likapita palepale kwenye upenyo. Nilisikitika, kwa sababu ule ulikuwa wakati wao, na hauwezi kurudiwa.

Tangu hapo nafanya hivi, nanyi mfanye. Vuta karibu kabisa kwenye mlango, mpaka mlango mmoja ujaze skrini. Angalia vitone viwili vya mwisho. Hapa kushoto naona kitone kimoja: mlango na ukuta wamekutana. Hapa kulia naona viwili, kimoja kimeegemea kingine. Hiki ndicho kinachovujisha. Nakishika, nakiburuta juu ya mwenzake, kinanasa. Sasa ni kimoja. Rudia kwa kila mlango. Ramani hii ina saba, imenichukua dakika nne.

Mlango wa siri una aina yake: wewe unaona alama yake, wachezaji wanaona ukuta tu. Na mlango wowote, ukibofya alama yake kwa kitufe cha kulia, unafungwa kwa komeo.

Mwanga hauna mengi. Ingia zana yenye alama ya taa, bofya palipochorwa mwenge, buruta. Kosa moja tu linajirudia. Kwenye toleo la tano la Dungeons & Dragons, mwenge unaangaza vizuri futi 20, kisha mwanga hafifu futi 20 zaidi. Watu wanaandika 20 na 20, halafu wanashangaa mwanga hafifu umekwenda wapi. Hapa vipimo vyote huanzia katikati ya mwenge. Andika 20 kwa mwanga mkali na 40 kwa hafifu. Mwenye uwezo wa kuona gizani, mpe umbali wake kwenye kete yake mwenyewe, mara nyingi futi 60, na hakikisha kila kete ya mchezaji imewashiwa uoni, la sivyo ataingia akute skrini nyeusi.

Kete za maadui naziweka sasa. Kiumbe mkubwa anakaa miraba miwili kwa miwili, mkubwa zaidi mitatu kwa mitatu. Hata kama kuta zimezibwa vizuri, kete ambayo haihitajiki bado naificha kwa alama ya jicho. Kwenye Roll20 unaihamishia tabaka la mwongoza mchezo. Kinga mbili ni bora kuliko moja.

Halafu jaribu. Kubofya kete na kuangalia inachokiona hakutoshi; fungua dirisha la faragha la kivinjari, ingia kama mchezaji, uitembeze kete handaki zima. Simama kwenye kila kona. Simama mbele ya kila mlango ukiwa umefungwa, usogee kushoto, usogee kulia. Mstari mwembamba wa mwanga ukitokea mahali pasipostahili, umepata pengo, rudi ulizibe. Ukimaliza, usisahau kurudisha ukungu ulioufungua ulipokuwa unatembea, kwa sababu programu inakumbuka kila palipotazamwa, na wachezaji wanaweza kukuta ramani nusu imeshafunuliwa. Kitufe chake kiko palepale kwenye zana za mwanga.

Siku ya kikao, dakika kumi kabla, bofya mandhari kwa kitufe cha kulia uipakie mapema kwa kila aliyekwisha kuingia, ili wasisubiri pale mambo yanapokuwa matamu.

Na wakifika kwenye ule mlango, mkono wako usikimbilie kipanya. Waambie kwanza wanachokisikia. Waambie chuma cha bawaba ni baridi, na kwamba kuna pumzi upande wa pili. Acha mmoja wao aseme kwa kinywa chake, “Naufungua.” Hapo ndipo ubofye.