Nani Amekaa na Mama?

OTIENO: Karibuni tena. Leo namtaka dada Zainabu arudie kisa cha mtafiti aliyekuja kuuliza habari za mama yake, alichonisimulia juzi ndani ya matatu ya Umoja hadi nikapitishwa kituo.

ZAINABU: Na nauli ukaongezewa! Basi, mnajua namuuguza mama tangu apigwe na kiharusi. Kuna mtafiti alikuja nyumbani, kijana mpole, tableti mkononi. Presha ya mama, chakula cha mama, dawa za mama. Mama hawezi kuongea vizuri, kwa hiyo nikajibu mimi, na sahihi nikatia mimi. Akaniachia sabuni ya mche, akaenda.

OTIENO: Kuna ubaya gani hapo?

ZAINABU: Aliuliza, "Anameza dawa kila siku?" Nikasema ndiyo. Uongo mtupu. Ile dawa inakojosha, na maji yakikatika kwenye ploti, shuka nitafua na nini? Siku hizo naruka.

OTIENO: Lo! Kwa hiyo kule kwao imeandikwa mama anameza kila siku.

ZAINABU: Ulitaka nimwambie mtoto wa watu kwamba namnyima mama dawa? Lakini kama wakati wa kuandika maswali wangekaa na mtu anayeuguza, angewaambia: ulizeni ni siku gani inashindikana, na kwa nini.

OTIENO: Uingereza kuna James Lind Alliance, ilianza 2004. Wagonjwa, wanaouguza na madaktari wanakaa meza moja kuchagua maswali kumi ya kutafitiwa kwanza. Jina ni la yule daktari wa meli aliyewapa mabaharia machungwa na malimau mwaka 1747 kutibu kiseyeye.

ZAINABU: Hao mabaharia walikuwa kama mimi, hakuna pa kutokea.

OTIENO: Lakini dada, si nyinyi mnaouguza mnaweza kuzima sauti za wagonjwa? Mkaribishwe mezani, mseme ya kwenu mkidhani ni yao.

ZAINABU: Kweli kabisa. Mama angeulizwa, pengine angesema maji ni kisingizio. Ndiyo maana ya kutuuliza wote wawili, na kila mtu na fomu yake ya idhini. Ile niliyotia sahihi ilikuwa ya habari za mama. Zangu hazikuwa na mahali.

OTIENO: Na watafiti wanawapataje watu kama wewe? Wakibandika tangazo la "walezi"...

ZAINABU: Nitapita! Mlezi kwangu ni wa mtoto. Mimi nauguza. Wengine hata hawasemi hivyo, wanasema tu "niko na mama". Tangazo liandikwe hivyo, libandikwe pale tunaponunua dawa na nepi za wazee.

OTIENO: Halafu muda. Takwimu za serikali ya Kenya za mwaka 2021 kuhusu matumizi ya muda zilionyesha wanawake wanatumia takriban saa nne na nusu kwa siku kwa kazi za nyumbani na za kuhudumia watu bila malipo, wanaume chini ya saa moja.

ZAINABU: Umesikia, bwana? Chini ya saa moja.

OTIENO: Nimesikia, endelea.

ZAINABU: Sasa mtu ananialika kikao cha Westlands, saa tatu asubuhi. Nauli atanirudishia, chai na mandazi ipo. Nani amekaa na mama? Jirani akikaa naye anaacha genge lake, hilo ni la kulipwa. Ama nipigie simu saa tatu usiku, mama akishalala.

OTIENO: Na utafiti wa namna hiyo hauanzi bila kamati ya maadili kuupitisha na NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, kutoa leseni. Kamati ikisoma bajeti, pesa ya wa kukaa na mgonjwa iitafute humo.

ZAINABU: Wasipoiona, warudishe karatasi.

OTIENO: Na leo nani amekaa naye?

ZAINABU: Huyo huyo jirani. Aliniambia saa tisa anamfuata mtoto shuleni. Sasa ni saa ngapi?

OTIENO: Tisa kasorobo.

ZAINABU: Haya, kata. Nimechelewa.