Safari za Mark Twain na Vazi Lake la Ngozi

Mabibi na mabwana, karibuni. Wauza vitabu hupenda kusema "jalada la ngozi" kana kwamba wameshamaliza kila kitu. Mimi huuliza: ngozi ya mnyama gani?

Chukueni The Innocents Abroad, kitabu cha safari cha mwandishi Mmarekani Mark Twain. Juni 1867 Twain alipanda meli ya Quaker City jijini New York kwenda Ulaya na Nchi Takatifu. Nauli, dola 1,250, ililipwa na gazeti la Alta California la San Francisco, naye akawa analiandikia barua. Barua hizo, baada ya kukarabatiwa sana, zikawa kitabu mwaka 1869. Wachapishaji, American Publishing Company ya Hartford, hawakutegemea maduka. Mawakala walibisha hodi nyumba hadi nyumba wakiwa na kitabu cha sampuli: kurasa chache, picha, na vipande vya majalada, vya kitambaa na vya ngozi. Mteja alichagua vazi kwanza, akaandikisha jina lake, kitabu kikafuata baadaye.

Kwa hiyo ngozi haikuja kama heshima ya uzeeni. Ilikuwapo tangu siku ya kwanza, kwa aliyetaka sebule yake ionekane ya msomi. (Na humo ndani Twain anawacheka wasafiri wenzake wanaomegua mawe ya makaburi na mahekalu ili wapate kumbukumbu. Wakusanyaji, mnacheka?)

Ngozi ya kondoo ni laini na ya bei rahisi, lakini tabaka lake la juu hubanduka, na jalada hukatika pale linapokunjikia. Ya mbuzi, iitwayo moroko, huvumilia. Ngozi nyingi za karne ya 19 zililiwa pia na hewa yenye salfa ya makaa na taa za gesi: zimegeuka unga mwekundu unaobaki vidoleni. Msizipake mafuta, yanazidisha madoa.

Matoleo ya kisasa ya ngozi yana kingo za dhahabu, utepe wa hariri na matuta mgongoni. Zamani matuta yale yalikuwa kamba zilizoshonewa karatasi. Leo mara nyingi ni pambo lililobandikwa. Dhahabu ya ukingo wa juu, hiyo naitetea, maana huzuia vumbi.

Kama fedha yako inatosha nakala moja tu, binafsi ningechukua ya kitambaa ya 1869, yenye picha zake zote 234, nikaiacha ile ya ngozi mpya inayong'aa.