Simba wa Kichina katoka wapi?

Ndugu zangu asanteni kwa kuja. Nianze na swali, China porini kuna simba? Hakuna jamani. Chui yupo, chui milia yupo, simba hapana. Sasa inakuwaje kila mwaka mpya wa Kichina anayecheza barabarani ni simba, yaani watu ndani ya vazi la simba?

Alikuja kama zawadi. Mwaka 87 hivi baada ya Kristo, watawala wa Asia ya Kati, na Waparthi wa Uajemi nao, walimpelekea mfalme wa ukoo wa Han simba hai, na hata neno lao shi wataalamu wengi wanaona lilitoka hukohuko magharibi. Watu wa kawaida hawakumwona, walisimuliwa tu, wakachonga na kushona walichosimuliwa, ndo maana ana macho makubwa ya kuzunguka na hafanani kabisa na wa Serengeti, na mimi nampenda hivyohivyo.

Baadaye, enzi ya wafalme wa ukoo wa Tang, ikulu walicheza simba 5 wa rangi tofauti huku watu 140 wakiimba. Mshairi Bai Juyi anamtaja simba wa ngoma mwenye kichwa cha mbao, mkia wa hariri, macho ya dhahabu na meno ya fedha, yaani miaka 1200 iliyopita!

Lakini simba hakubaki ikulu, na hapa ndo moyo wangu ulipo. Kusini, Foshan mkoa wa Guangdong, shule za kungfu zilimchukua, kichwa kikawa cha mianzi na karatasi. Ndani kuna watu wawili, wa mbele kabeba kichwa na anavuta kamba za kope na masikio, wa nyuma kainama mwanzo mwisho, kashika mkanda wa mwenzake, anachoona ni miguu tu. Simba mpya anatiwa wino mwekundu machoni kwanza, hapo ndo anahesabika yu hai.

Mwenye duka ananing'iniza letasi mlangoni, ndani yake bahasha nyekundu ya hela. Simba anaisogelea, anashtuka, anarudi nyuma, ngoma inapigwa polepole, ananusa tena, halafu ghafla anaidaka! Anatafuna, anawatemea watu majani, na watu wanafurahi kwa sababu kwa Kikantoni, lugha ya huko kusini, letasi inasikika kama kuzaa mali. Hela ile ililisha shule, na ndo ileile iliyoleta ugomvi, vikundi vikapigana mitaani Hong Kong mpaka polisi wakaanza kudai kibali.

Wahamiaji wakaenda naye Malaysia, kule wakampandisha juu ya nguzo za chuma zinazopita urefu wa mtu, anaruka moja hadi nyingine, na tangu 1994 Genting, mji wa mapumziko hukohuko Malaysia, kuna mashindano ya dunia. Zamani shule nyingi zilimkataza mwanamke hata kugusa kichwa cha simba. Leo wasichana wako juu ya zile nguzo, mmoja mbele, mwingine nyuma kashika mkanda.