Miaka 44 ya Rilei: mazungumzo na mafundi umeme, Dodoma

Mbukwenyi ndugu zangu! Waliofika na vumbi la Kibaigwa na Singida, karibuni mbele, viti bado vipo.

Pale mlangoni mmeniuliza: rilei ya usalama, ile swichi inayovutwa na koili ili kukata umeme wa mashine, inakaa miaka mingapi? Tairi la bodaboda huisha kwa kilomita, si kwa kalenda. Rilei nayo huisha kwa kuvuta na kuachia. Ndiyo maana ISO 13849-1, kiwango cha kimataifa cha usalama wa mashine, kinatupa B10D: idadi ya mizunguko ambayo ikitimia, rilei 10 katika kila 100 zitakuwa zimeharibika kwa namna ya hatari.

Ya hatari, sikilizeni. Koili ikiungua, mashine inasimama, bosi anafoka, vidole vya watu vipo salama. Kontakti, zile ncha za chuma zinazogusana kupitisha umeme, zikigandana, mhudumu anafungua mlango wa kinga na mota bado inazunguka. Ubovu huo ndio tunaouhesabu.

Chukueni mashine ya kufunga vifuniko vya chupa za mafuta ya alizeti. Mlango unafunguliwa kila dakika 2, saa 10 kwa siku, siku 300. Hiyo ni mizunguko 90,000 kwa mwaka. Rilei yenye mzigo kamili, jedwali la kiwango hicho linaipa B10D ya 400,000. B10D inahesabu sehemu ya kumi tu ya rilei, kwa hiyo gawanyeni hiyo 400,000 kwa sehemu ya kumi ya 90,000, yaani 9,000. Jibu ni miaka 44 na ushee.

(Sauti kutoka nyuma: "Basi mwalimu, hiyo ataistaafia mwanangu!" Kicheko.)

Hapana, kaka. Hiyo 44 ni wastani unaodhani rilei haichoki. Gawanya 400,000 kwa 90,000 zote: miaka 4 na miezi 5. Hapo unaitoa, hata kama bado inalia tik, tik kama mpya. Ikibeba mzigo mdogo, jedwali linapanda hadi 20,000,000, kwa hiyo pimeni mkondo kabla ya kushika kalkuleta.

Mwingine atasema, tufunge mbili kwa mfululizo. Moja ikiwa na uwezekano wa kuharibika wa 1 kati ya 100, mbili zitakuwa 1 kati ya 10,000. Karatasini, ndiyo. Lakini zimetoka boksi moja, zimo paneli moja isiyo na mpira mlangoni, umeme ukiruka unazipiga zote. IEC 61508, kiwango kingine cha kimataifa cha usalama, kinatutaka tuhesabu sehemu hiyo ya ubovu unaozipiga zote kwa pamoja. Ikiwa ni 5 tu kati ya 100, peke yake inaleta 5 kati ya 10,000. Mara tano ya ulichojivunia!

Na kitufe cha dharura kisichobonyezwa mwaka mzima? Kontakti zimeganda na hakuna anayejua. Tuseme ubovu uliojificha ni 1 kwa saa 1,000,000. Zidisha kwa muda kati ya majaribio, gawa kwa 2. Ukijaribu kila mwaka, saa 8,760, unapata 0.0044, uwezekano wa kitufe kugoma siku ya dharura: ngazi ya usalama ya SIL 2, na namba ikiwa kubwa zaidi ndivyo kinga ilivyo imara zaidi. Ukingoja miaka 5, 0.022, umeshuka SIL 1 kwa rilei ileile.

Sasa fundi mmoja aje hapa. Kontakti za rilei hii nilizigandisha jana kwa makusudi. Kwa kuwa zimefungamanishwa, yaani zote husogea pamoja, kontakti ya upande wa pili lazima ibaki wazi angalau milimita 0.5. Bonyeza cha kuwasha, tuone kama mashine itakubali.