Ujumbe Usiporudi: Mazungumzo Kuhusu Programu za Malipo

MWENYEJI: Karibuni, wasikilizaji. Leo hatuna mgeni studioni. Tumebaki wawili, mimi na kaka yangu hapa, kwa sababu wasanidi programu wengi tuliozungumza nao msimu huu waligusia jambo moja na kulipita haraka: programu inayoshughulika na fedha ifanye nini pale isipojua kama ombi lake limefika?

MWENZAKE: Na mfumo waliokuwa wakiutaja ni M-Pesa, dada, kwa hiyo tuanzie huko. Safaricom iliizindua nchini Kenya tarehe 6 Machi 2007, lakini anayetaka kuielewa kama kazi ya usanifu inambidi arudi hadi Oktoba 2005, majaribio yalipoanza kwa mawakala wanane na wateja wasiofika 500, baadhi yao wakiwa Thika. Upande wa Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza iliyokuwa mbia wa Safaricom, kazi iliongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie, na programu yenyewe iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, Uingereza.

MWENYEJI: Na wakati huo haikukusudiwa kuwa hii tunayoijua.

MWENZAKE: Hata kidogo. Ilikusudiwa wakopaji wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, wapokee mikopo midogo na kuirejesha kwa simu. Wateja wakaichukua na kuifanyia mambo yao: wako walioweka pesa kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofika ili wasibebe noti njiani, wako waliotumia akaunti hiyo kama kasha la usiku kwa kuwa benki zilikuwa zimekwisha kufungwa, na wako waliomlipia mtu rejesho la mkopo kama ujira wa kazi aliyowafanyia. Wakati huohuo sehemu ya mikopo ilikuwa ikiwasumbua wakopeshaji wenyewe, kwa maana mkopaji aliyeweza kulipa kwa simu hakuona tena haja ya kuhudhuria kikao cha kikundi chake, ilhali mikopo ile ilitegemea wanakikundi kukutana na kubanana. Ilipofika siku ya uzinduzi, mikopo ilikuwa imeondolewa, na huduma ikabaki na mambo machache tu: kuweka, kutoa, kutuma na kununua muda wa maongezi.

MWENYEJI: Huo uthubutu wa kuondoa naustahi sana, kwa sababu mimi binafsi sijawahi kufuta kwa moyo mweupe hata mistari mia moja ya programu niliyoiandika mwenyewe. Lakini turudi kwenye swali letu. Simu za wakati ule nyingi hazikuwa na intaneti, ndiyo maana menyu ya huduma iliwekwa ndani ya kadi ya simu yenyewe, yaani SIM. Mteja anaingiza namba ya siri, kadi inausimba ujumbe kwa njia fiche, na ujumbe huo unasafiri kama meseji ya kawaida hadi kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo. Sasa meseji ya kawaida ina tabia yake: mtandao huihifadhi kwanza na kuisukuma mbele unapoweza, na haumwahidi mtu yeyote kwamba itafika sasa hivi.

MWENZAKE: Hapo ndipo penye kazi. Tuseme mama mmoja anamtumia mwanawe shilingi 2,000 na dakika tano zinapita bila jibu. Huenda ombi lilipotea njiani, na pesa bado ni zake. Huenda lilifika, pesa zikahama, ila jibu ndilo lililopotea. Huenda pia ombi bado liko kwenye foleni na litatekelezwa baada ya robo saa. Kwa aliyeshika simu, hali zote tatu zina sura moja. Akituma tena katika hali ya kwanza, amefanya sawa. Katika zile mbili nyingine, amelipa mara mbili.

MWENYEJI: Na dawa yake, ambayo kila msanidi huielewa akielezwa lakini wengi huikosea wakiandika, ni kuliwekea kila ombi namba yake ya pekee kabla halijaondoka. Seva ikiiona namba ileile kwa mara ya pili, inarudisha jibu lilelile la mwanzo na haigusi salio. Makosa niliyoyaona mara nyingi ni namba hiyo kutengenezwa upya kila programu inapojaribu kutuma, na hapo haina faida yoyote. Inapaswa kuzaliwa pale mteja anapoamua kulipa, na majaribio yote yanayofuata yaibebe hiyohiyo.

MWENZAKE: Wasimulie yale ya duka la mtandaoni, dada.

MWENYEJI: Unapenda kunifedhehesha. Haya. Niliwahi kumtengenezea mteja mmoja duka la mtandaoni lenye malipo ya aina ile ambayo mnunuzi anatokewa na ombi kwenye simu yake na kuingiza namba ya siri. Baada ya hapo mfumo wa malipo huirudishia seva ya duka taarifa kwamba malipo yamefanyika au la. Jumamosi moja seva yetu ilizimika kwa muda mfupi, taarifa zikaja zisimpate wa kuzipokea, na ukurasa ukawaandikia watu waliokwisha kulipa maneno haya: "Malipo hayajafanyika, tafadhali jaribu tena." Nao, kwa utiifu, wakajaribu tena. Kuna aliyelipa mara tatu. Tuliwarudishia fedha zao kwa siku kadhaa, mmoja baada ya mwingine, tukilinganisha orodha mbili kwa macho.

MWENZAKE: Hakuna aliyekuambia kwamba taarifa hiyo inaweza isifike?

MWENYEJI: Nilikuwa nimeambiwa, na njia ya kuuliza hali ya muamala ilikuwepo, ila sikuitumia. Kwenye hifadhidata yangu oda ilikuwa na hali mbili tu, imelipwa na haijalipwa. Leo naweka ya tatu, haijulikani, na oda iliyo katika hali hiyo hairuhusiwi kumwomba mteja pesa tena mpaka programu iulize na kupata jibu. Hata misimbo ya majibu ya M-Pesa inatofautisha: 1032 ni kwamba mteja ameghairi mwenyewe, 1037 ni kwamba simu yake haikupatikana. Ukiiweka yote katika kapu moja la "imeshindikana", umetupa habari uliyopewa bure.

MWENZAKE: Viongozi wa timu hawaipendi hiyo hali ya tatu. Mkurugenzi anataka skrini yenye kijani na nyekundu, na ukimletea rangi ya tatu anaona kama umekiri kwamba mfumo wako ni dhaifu. Mimi huwa nawajibu kwamba udhaifu upo tayari kwenye mtandao, sisi tunaamua tu kama tutauonyesha au tutamwachia mteja augundue. Matapeli waliugundua zamani. Humtumia muuza duka meseji ya kughushi inayofanana na uthibitisho, naye hutoa bidhaa kwa kuiamini meseji, wakati ukweli wa pesa uko kwenye daftari la seva na meseji ni taarifa tu kuhusu daftari hilo.

MWENYEJI: Mawakala wenye uzoefu wanalijua hilo bila kusomea usanifu wa programu. Nilikuwa kwa wakala juzi, mtandao ulikuwa mzito, na ujumbe wangu wa kutoa pesa ukafika kwangu kabla ya wake. Nikamwonyesha simu yangu. Akaitazama kwa adabu, akanirudishia, akaendelea kusubiri ujumbe uingie kwenye simu yake mwenyewe. Ulipoingia, alinihesabia pesa, kisha akanisogezea lile daftari la karatasi: tarehe, namba ya muamala, kiasi, saini.

MWENZAKE: Namba ya muamala ndiyo anayoiandika kwanza?

MWENYEJI: Kabla hata ya jina langu.