Abati na Mfalme wa Ukoo Mmoja

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuko Ayalandi ya zamani, na Mwanaidi amekuja na daftari limejaa mishale.

MWANAIDI: Ni nasaba, kaka. Nimekaa nazo siku mbili. Shika kalamu. Juu kabisa andika Fergus, mjukuu wa mfalme Niall. Chini yake weka wanawe watatu: Fedelmid, Brénaind, Sétna.

BARAKA: Nimeandika.

MWANAIDI: Fedelmid ndiye baba yake Colum Cille. Kwa damu hiyo angeweza kugombea ufalme, lakini akawa mmonaki. Mwaka 563 akavuka bahari akajenga monasteri Iona, kisiwa kidogo cha Uskoti. Alipofariki mwaka 597, kiti cha abati, yaani mkuu wa monasteri, kikaenda kwa Baithéne, mtoto wa Brénaind.

BARAKA: Mtoto wa baba mdogo!

MWANAIDI: Mdogo au mkubwa, damu ni ileile.

BARAKA: Wanaotusikiliza kutoka Peramiho na Ndanda, kwenye monasteri za hapa Tanzania, watashangaa. Kwao abati anachaguliwa kwa kura na wamonaki wenzake.

MWANAIDI: Kule Ayalandi ya zamani mara nyingi ardhi ya monasteri ilitolewa na ukoo, na ukoo ukikupa ardhi haukai mbali nayo. Abati hana mtoto, basi kiti kinapita pembeni, kwa watoto wa ndugu.

BARAKA: Na Sétna umemwachia nini?

MWANAIDI: Hapo ndipo niliposhtuka, nikarudia kuhesabu usiku. Shuka kutoka kwake mara mbili. Kushoto: Ainmire, Áed, Domnall, Óengus, Loingsech. Kulia: Colmán, Áed, Tinne, Rónán, Adomnán.

BARAKA: Moja, mbili… watano huku, watano huku.

MWANAIDI: Loingsech ni mfalme wa Tara, cheo cha juu kabisa cha wafalme wa Ayalandi. Adomnán ni abati wa 9 wa Iona. Mwaka 697, pale Birr, Ayalandi, Adomnán akatangaza sheria kwamba vitani asiguswe mwanamke, mtoto wala mtu wa kanisa. Wadhamini wake walikuwa 91, viongozi wa kanisa na wafalme, na upande wa wafalme jina la kwanza ni Loingsech.

BARAKA: Ndugu yake kamsimamia.

MWANAIDI: Ndiyo maana naipenda habari hii. Abati hana jeshi la kutisha mtu. Ana ndugu. Mwanamke fulani kijijini, ambaye jina lake hatutalijua, huenda alipona kwa sababu watu wawili walichangia babu mmoja vizazi vitano nyuma.

BARAKA: Lakini dada, jeshi nalo liliingia monasterini. Mwaka 764 watu wa Clonmacnoise na watu wa Durrow walipigana vita kamili, monasteri kwa monasteri. Wa Durrow waliouawa wanatajwa kuwa 200.

MWANAIDI: Miaka 67 tu baada ya Birr. Na Durrow aliianzisha Colum Cille mwenyewe.